Mjomba wa Farasi Anajibu: Ukifika Horse Guards, mikono yako iwe wapi?

Toleo lililopita lilikuwa na picha ya askari wa Mfalme akiwa juu ya farasi pale Horse Guards, jengo la walinzi wa farasi katika mtaa wa Whitehall, London, na barua zimefuatana tangu hapo. Nyingi zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mgeni anaruhusiwa kufanya nini mbele ya askari yule na mnyama wake? Kwa hiyo mwezi huu sijibu kitu kingine. Kwa msomaji mpya, mimi ni mtu wa Lamu, nimekulia katika nyumba ya wenye punda, na sasa kazi yangu ni kutunza farasi katika shule ya upandaji kusini mwa London.

SWALI: Mjomba, salamu kutoka Tanga. Mwezi wa saba nakuja huko kwa mahafali ya mwanangu, na wajukuu wangu wawili wanakuja nami. Kutwa wanazungumzia kupiga picha na askari wa farasi. Lakini binti yangu amenionyesha video ya mwanamke aliyefokewa na askari mpaka akaruka, eti kwa sababu ameshika kamba za farasi. Nimesikitika sana. Sisi tumelelewa kwamba mgeni hafokewi. Niwapeleke watoto mahali pa kutolewa ukali namna ile?
*Bibi wa wawili, Tanga*

JIBU: Shikamoo, mama. Hongera kwa mahafali, na wapeleke wajukuu bila wasiwasi. Wakiziacha zile kamba zilivyo, hakuna atakayewapazia sauti.

Video hiyo naifahamu. Ilisambaa Julai 2022, Malkia Elizabeth akiwa bado hai. Mwanamke alisimama ubavuni mwa farasi apigwe picha, akanyosha mkono akashika hatamu. Farasi akarusha kichwa, na askari akamwamuru kwa sauti kubwa arudi nyuma aziachie. Watu wengi walimlaumu askari, nami naelewa kwa nini, maana kwenye video unasikia sauti yake lakini huoni kilichopo kwenye mwisho wa pili wa hatamu.

Kule mwisho, mama, kuna mdomo. Na ndani ya mdomo mna chuma, lijamu. Chuma hicho hulala juu ya ulimi na juu ya ufizi mtupu, ile nafasi isiyo na meno kati ya meno ya mbele na magego. Mimi huosha vinywa vya farasi kila wiki, na nikipitisha kidole hapo nausikia mfupa moja kwa moja chini ya ngozi laini. Lijamu la farasi wa gwaride lina vyuma viwili vya pembeni vinavyoteremka chini ya midomo, na mnyororo mdogo unaopita chini ya kidevu. Ukivuta hatamu kidogo, vile vyuma vinaongeza nguvu ya mkono wako mara kadhaa, na mnyororo unabana taya. Ndiyo maana mpandaji aliyefunzwa huzishika kwa mkono mmoja tulivu, akicheza na vidole tu. Mtu wa pembeni akizikamata na kuzivuta, farasi anaumia papo hapo, tena anaumia bila kujua kosa lake, kwa sababu amri zake zote huzipata kupitia hatamu hizohizo. Aliye juu anamwambia tulia, aliye chini anamvuta njoo.

Ongeza jambo moja. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na hapo mbele ya paji la uso, na kilicho chini ya pua yake hakioni. Hukipapasa kwa sharubu. Mkono unaotokea hapo ghafla ni kitu kisicho na mwenyewe.

Sasa mfikirie askari. Mkono wa kushoto una hatamu, wa kulia una upanga. Kifuani ana ngao ya chuma, kichwani kofia ya chuma yenye shungi, na chini yake kuna mnyama mwenye uzito wa zaidi ya nusu tani anayeanza kuingiwa na hofu huku watoto wamesimama karibu na kwato. Hawezi kushuka. Hawezi kuanza kueleza kwa upole wakati mguu wa farasi uko hewani. Kilichobaki ni sauti, na sauti hiyo inamlinda yule mwanamke mwenyewe. Isitoshe, ukutani kando ya vibanda vya lindo kuna kibao kinachosema farasi wanaweza kupiga teke au kuuma, na kwamba hatamu zisiguswe. Kinamalizia kwa kusema asante.

Kuhusu safari yenu: askari wawili wa farasi hukaa kwenye vibanda vinavyotazama Whitehall kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na hubadilishana kila saa. Zamu kubwa ya kupokezana lindo hufanyika uwanja wa nyuma saa tano asubuhi, Jumapili saa nne. Fikeni mapema kidogo, mkae mbele. Wenye makoti mekundu na shungi nyeupe ni wa kikosi cha Life Guards. Wenye makoti ya buluu na shungi nyekundu ni wa kikosi cha Blues and Royals. Saa kumi jioni mtaona ukaguzi wa kufunga siku. Huo una kisa chake: mwaka 1894 Malkia Victoria aliwakuta walinzi wakinywa pombe na kucheza kamari, akaamuru wakaguliwe kila siku saa hiyo kwa miaka 100. Miaka hiyo iliisha 1994, lakini ukaguzi haukukoma.

Picha pigeni, hakuna anayekataza. Simameni hatua mbili tatu kutoka kwa farasi, upande wa bega na si nyuma, watoto wakiwa mbele yako umewashika mabega. Na kama wajukuu wanawapenda wanyama kweli, ingieni makumbusho ya kikosi, yaliyo kwenye jengo hilohilo. Mna ukuta wa kioo, na ng'ambo yake ni banda lenyewe: utawaona farasi wakisuguliwa na kulishwa, hawana gwaride wala lijamu. Mimi wageni wangu huwapeleka hapo kwanza. Wakitoka nje, mikono yao huwa imeshapata adabu.

SWALI: Mjomba, tuambizane ukweli. Wale jamaa wamewekwa pale kwa ajili ya watalii, wanalipwa kupigwa picha. Zama hizi za bunduki, nani analinda jumba kwa upanga? Mwaka jana nilikuwa huko. Nilimshika askari goti, nikaegemea buti lake, hakusema neno. Kama hakupenda si angesema? Naona mnakuza mambo.
*Kijana wa Kisauni, Mombasa*

JIBU: Mwanangu, wewe nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu wanaofikiri kama wewe ni wengi na wengi wao si watu wabaya.

Kwanza hilo la kunyamaza. Amenyamaza kwa sababu amri ya lindo inamtaka atulie. Umechukua ukimya aliopewa na kazi yake ukaugeuza ruhusa yako. Hapo hapo Mombasa kuna Ikulu, na langoni kuna askari. Je, ungeenda kumshika goti, ukaegemea buti lake, ukamwambia rafiki yako apige picha? Hata wazo hilo lisingekujia. Basi jiulize kilichokupa ujasiri Whitehall ni nini. Mimi naona ni zile nguo. Mtu akiona shungi na vyuma vinavyong'aa anadhani yuko kwenye maonyesho, na kwenye maonyesho kila kitu kimewekwa kwa ajili yake.

Wale si waigizaji. Ni wanajeshi wa Household Cavalry, kikosi cha farasi cha Mfalme, na kikosi hicho kina upande mwingine unaotumia magari ya kivita. Watu wake wamepigana Iraq na Afghanistan. Yule uliyemshika goti huenda mwakani akawa ndani ya gari hilo. Lindo la farasi mahali pale limekuwapo tangu Mfalme Charles II arudishwe kwenye kiti mwaka 1660, na jengo unaloliona, lililokamilika katika miaka ya 1750, mpaka leo ndilo lango rasmi la kuingilia majumba ya St James's na Buckingham. Polisi wenye bunduki wapo pia, hatua chache tu. Upanga ni heshima ya lindo. Ulinzi wa bunduki umepangwa kando yake.

Tena ni watu wanaojua kwamba kazi hii inaua. Tarehe 20 Julai 1982 kikosi kilikuwa kinatoka kambini Knightsbridge kwenda kupokea lindo hilohilo, kikapigwa bomu lililojazwa misumari kando ya Hyde Park. Askari wanne walikufa, na farasi saba. Farasi mmoja aitwaye Sefton alipata majeraha 34, akafanyiwa upasuaji wa saa nyingi, akapona, akarudi kazini na kuishi hadi 1993. Pale bomu lilipolipuka pana jiwe la kumbukumbu, na kikosi kikipita asubuhi hutoa heshima. Kwa hiyo yule askari aliyenyamaza ulipomwegemea, asubuhi ile alikuwa ameshapita hapo akatoa saluti kwa wenzake.

Sasa nikueleze nilichokiona kwa macho yangu, ili ujue sizungumzi ya kusikia. Kiangazi kimoja nilikuwa pale na mgeni kutoka Malindi. Baba mmoja alimsimamisha binti yake, mtoto wa kama miaka sita, kando ya farasi. Farasi alikuwa ametazama upande wa pili. Baba akaingiza mkono chini ya kidevu, akazikamata hatamu zote mbili karibu na mdomo, akavuta ili uso wa farasi uingie kwenye picha. Nilimwona farasi kabla sijamwangalia askari: masikio yalilala nyuma, pua zikapanuka, weupe wa jicho ukatokea. Glavu nyeupe ya askari ikakaza juu ya tandiko. Farasi akatupa kichwa juu, mnyororo ukalia, na kwato ya mbele ikapanda ikashuka juu ya jiwe mara mbili, kishindo cha kukufanya uhisi sakafu. Askari akatoa sauti moja tu. Baba akaachia, akacheka, akainama kuwaonyesha wenzake picha kwenye simu. Mtoto hakucheka. Kile kichwa peke yake ni kizito kuliko mwili wake wote, na kwato ilikuwa imeshuka karibu na kiatu chake.

Huyo mtoto hakuumia. Wengine wameumia. Julai 2024 farasi mmoja pale alimng'ata mtalii mkononi, mtalii akazimia palepale. Watu waliandika kwamba farasi ni mkali. Mimi nawalisha farasi kila alfajiri, nakwambia farasi anayesukumwasukumwa pua kutwa na watu asiowajua huuma kwa sababu kila onyo jingine alilolitoa halikusikilizwa. Masikio aliyalaza, hakuna aliyetazama. Kichwa alikigeuza, wakamfuata upande wa pili.

Nawe ulishika goti tu, hukuvuta hatamu. Nimekusikia. Lakini goti la mpandaji ndilo linalozungumza na ubavu wa farasi. Ukiliegemea, mnyama anapokea msukumo asioujua maana yake, na askari analazimika kukaza mwili ili uzito wako usifike chini. Ulimwongezea kazi mtu aliyekuwa kazini.

Usinielewe vibaya kwamba askari hawa hawana utu. Zipo video, na ni za kweli, ambazo askari anamsogeza farasi wake taratibu ili amkaribie mgeni mwenye ulemavu apate picha nzuri. Itazame mojawapo. Mgeni amesimama mbali kwa adabu, na anayesogea ni askari, kwa hiari yake, na farasi akiwa ameambiwa na mtu anayemwamini.

SWALI: Mjomba wetu, as-salaam alaykum. Sisi ni Waswahili wa Maskati. Mwanangu amepanda farasi tangu ana miaka mitano, anawajua mpaka tabia. Tukija London, yeye si anaweza kumpapasa farasi wa askari? Yeye si mshamba wa wanyama.
*Mama wa mpanda farasi, Oman*

JIBU: Wa alaykum salaam. Oman inawajua farasi, na mnacho kikosi cha farasi cha Sultani chenye sifa, kwa hiyo sina shaka na kijana. Lakini kijana anawajua farasi. Farasi yule hamjui kijana. Siku hiyo ameshapita mbele yake umati wa watu, na wote walinyosha mikono. Mwulize mwanao mwenyewe: angekubali mpita njia ampapase farasi wake katikati ya mashindano, yeye akiwa juu? Najua atakachojibu. Na kuna la pili: watoto wengine watakaomwona akipapasa hawatajua kwamba ana ujuzi. Wataiga mkono tu.

Akitaka kugusa, shule za upandaji zipo hata katikati ya jiji, na Hyde Park ina njia maalumu ya farasi. Huko atapanda.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi niko darasa la sita Morogoro. Nikija London nataka kumpa farasi wa askari karoti. Au sukari. Nisimguse, nimpe tu. Inaruhusiwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Moyo wako ni mzuri, lakini usimpe. Farasi hawezi kutapika kamwe, ndivyo tumbo lake lilivyoumbwa. Akila kitu kibaya hakitoki kilikoingilia, na maumivu ya tumbo huua farasi. Askari hawezi kujua kilichomo mkononi mwa kila mtu. Tena ana chuma mdomoni, kutafuna karoti vizuri ni shida. Akizoea kwamba mikono ya watu ina chakula, ataanza kuitafuta kwa meno. Mchoree picha unipelekee mimi, nitaibandika kwenye banda letu.

SWALI: Mwandishi, mimi ni mwalimu Arusha. Unawatetea askari, lakini hutetei farasi. Kumsimamisha mnyama katikati ya jiji lenye magari ili watu watazame, je, si ukatili wenyewe? Tuliwaona wale farasi wa London wakikimbia na damu.

JIBU: Mwalimu, swali lako ni zito na nimelifikiria muda mrefu kabla ya barua yako.

Ulichokiona ni cha tarehe 24 Aprili 2024. Farasi walikuwa kwenye mazoezi ya asubuhi mitaa ya Belgravia, vifusi vya ujenzi vikamwagwa kwa kishindo karibu yao. Wakashtuka, wakawaangusha askari, wakatimka katikati ya jiji. Wakagonga teksi na basi la ghorofa. Yule mweupe aliyelowa damu anaitwa Vida, na mweusi aliyekimbia naye ni Quaker. Wote walipona, na watatu kati ya waliotoroka walishiriki gwaride la kuzaliwa kwa Mfalme Juni mwaka uleule. Kishindo kimoja tu, na wale ni farasi waliofunzwa kelele za ngoma, tarumbeta na magari. Ndivyo farasi alivyo. Haachi kuwa mnyama wa kukimbia kwa sababu amevishwa tandiko zuri.

Je, ni ukatili? Hukumu yangu ni kwamba utunzaji wao ni mzuri. Wengi hununuliwa Ireland wakiwa wachanga, hufunzwa polepole, hawasimami kwenye kibanda zaidi ya saa moja kwa zamu, na kila kiangazi hupelekwa Norfolk, wakakimbia mchangani na kuingia baharini pale Holkham. Nimewaona farasi wa matajiri wasiopata robo ya hayo. Kinachonikera ni ile saa moja ya kibandani, na kinachoiharibu ni sisi wageni. Kama ningekuwa na sauti, ningewasogeza watazamaji mbali zaidi, wasiweze kuifikia pua hata wakinyosha mkono. Picha zingependeza vilevile.

SWALI: Mjomba, ninasoma hapa London, kwetu ni Bukavu. Napita Whitehall kila siku. Nikiona mtu anavuta hatamu, niseme? Au si kazi yangu?

JIBU: Sema, ndugu yangu. Usimpigie kelele, maana kelele yako farasi naye ataisikia. Na usimshike huyo mtu mkono, kwa sababu akishtuka atavuta zaidi. Simama mahali anapokuona, mwambie kwa sauti ya kawaida, "Tafadhali ziachie, zinamuumiza mdomo." Wengi huachia hapohapo. Neno la maumivu huwafikia watu ambao katazo haliwafikii, nimelijaribu. Kama ana mtoto, mwite mtoto kwanza arudi nyuma kwako, mzazi atamfuata. Akikaidi, polisi wanasimama kando ya lango. Waambie ni kibanda kipi, cha kulia au cha kushoto, uendelee na safari yako ya darasani.